Anamlimia Nani

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukisia, na nilikisia kwa mbwembwe. Mimi ni afisa lishe katika hospitali moja ya huku Shinyanga. Mgonjwa akishaunganishwa na mashine ya kupumulia hawezi kusema ana njaa, hawezi kusema ameshiba, na kumweka kwenye mzani ni shughuli ya watu wanne. Basi nilikuwa nampima urefu akiwa amelala, nauliza umri kwa ndugu, wananitajia mwaka wa mvua kubwa au mwaka ng'ombe walipokufa, halafu nakadiria uzito kwa jicho kama mnunuzi wa mifugo mnadani. Napiga hesabu kwa fomula ya kitabuni, natoka na namba, namwandikia muuguzi: mgonjwa huyu apewe kalori kadhaa kwa siku. Nikizidisha, mwili unalemewa na hewa chafu na mgonjwa anashindwa kuachana na mashine. Nikipunguza, anatafuna misuli yake mwenyewe, hata ile ya kifuani anayoihitaji ili apumue. Yote hayo niliyajua, na bado niliandika namba zangu kwa wino mweusi bila kusitasita.

Ndipo tukaazimwa mashine ya kupima. Ilikuja kwa miezi michache tu, ndogo, ya kukaa juu ya toroli. Unaiunganisha kwenye mpira unaompelekea mgonjwa hewa, nayo inaonja hewa inayoingia na inayotoka. Inahesabu oksijeni iliyotumika na kaboni dayoksaidi iliyotolewa, na kwa hizo mbili inakuambia mwili ule unatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Inataka utulivu. Kwa nusu saa mgonjwa asigeuzwe, asinyonywe makohozi, na mpira usivuje popote, maana hewa ikivuja namba inadanganya. Niliipenda kuliko ninavyopaswa kukiri. Mke wangu alisema nimeoa mke wa pili. Nilizunguka nayo kitanda hadi kitanda, kifua mbele, na kila nilipopata namba ya kweli nikagundua nilivyokuwa nawakosea watu kwa ukadiriaji wangu, lakini hilo sikulisema kwa mtu.

Tabu ilikuwa kwa ndugu wa wagonjwa. Kwetu chakula kingi cha mpirani wanakileta wao. Wanapika uji kwenye banda la nyuma, wanauchuja, wanautia kwenye chupa ya chai, na muuguzi anampitishia mgonjwa kwenye mpira wa puani kwa bomba kubwa la sindano. Sasa ukimwambia mtu aliyeshinda siku tatu kwenye benchi kwamba mgonjwa wake anahitaji kalori elfu mbili na mia nane, umemwambia nini? Kwa hiyo nikabuni tafsiri zangu. Mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Nkome nilimwambia, "Mumeo amelala hivi, lakini mwili unatumia nguvu kama mtu anayevuta nyavu." Mwenye duka nilimwambia habari za kubeba magunia. Walielewa upesi, wakaongeza maziwa. Nikavimba kichwa. Nikajiona bingwa wa kusema na watu.

Kijana ninayetaka kumsimulia aliletwa kutoka upande wa Bugarama, ambako alikuwa anachimba kwenye duara, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo. Moko, patasi ya chuma wanayopasulia mwamba, ilimchoma unyayo. Akaufunga kwa kitambaa, akaendelea kushuka shimoni na wenzake. Siku zilipopita taya likagoma kufunguka, kisha mgongo ukaanza kujipinda. Alipofika kwetu alikuwa anakakamaa mwili mzima kila anapoguswa au mlango unapobamizwa. Daktari akamlaza kwa dawa, akamtoboa kooni, akampa mashine. Dirisha likafunikwa kwa shuka jeusi ili mwanga usimchokoze, na sote tukawa tunaongea kwa kunong'ona. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mara moja hiyo sikuhitaji kukisia umri.

Mama yake alifika kesho yake kutoka kijiji kimoja mbele ya Mhunze. Mjane, mwembamba, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni kama mtu aliyeacha kazi shambani na anategemea kuirudia. Watoto wengine aliwazika. Huyu ndiye aliyebaki. Daktari alimwambia ugonjwa unaitwa pepopunda, na jina lenyewe halikutusaidia: alisikia pepo, akaitikia kwa kichwa, hakuuliza kitu.

Mimi ni Msukuma wa Kishapu. Nalisema hili mapema ili nisipewe udhuru nisiostahili. Nimezaliwa nusu siku ya mguu kutoka kwa mama yule, nimechunga, nimevuna pamba, na jioni bibi yangu alitukalisha tukimenya karanga akatusimulia habari za litunga. Litunga ni yule ambaye wengine wanamwita msukule: mtu aliyechukuliwa na mchawi, ndugu wanadhani amekufa au anaumwa, kumbe yuko kwenye shamba la mchawi huyo analima, analishwa pumba. Anayechukuliwa kidogo kidogo, bibi alisema, utamwona amelala kwake lakini hana nguvu, anakonda, na ukimtazama nyayo utakuta udongo. Sisi tulicheka na tuliogopa. Nilipokwenda chuo niliyaacha huko pamoja na kaptula za shule.

Siku ya nne nilimpima kijana. Dawa zilikuwa zimemtuliza kiasi, ila misuli chini ya ngozi ilikuwa haijalala, ilikuwa inatetemeka, na joto lilikuwa juu. Namba iliyotoka ilinishtua: zaidi ya elfu tatu na mia mbili. Fomula yangu ilikuwa inampa karibu nusu tu. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, kwa sababu mashine ilikuwa imeona kitu ambacho jicho langu lisingeona, na nikatoka nje mbio kumtafuta mama nimwambie.

Nilisema naye Kiswahili. Yeye alinisalimia kwa Kisukuma, nami nikamjibu, kisha nikabadilisha, kwa sababu nilikuwa na koti jeupe na makaratasi mkononi na ndivyo nilivyozoea. Nikamwambia:

"Mama, mwanao unamwona amelala. Lakini nimempima. Anafanya kazi kama mtu anayelima kwa jembe la mkono toka alfajiri mpaka jua la utosi, bila kupumzika. Ndiyo maana tunataka umwongezee chakula."

Akanitazama sana.

"Umemwona kwa mashine?"

"Nimemwona."

"Analima?"

"Analima, mama. Tena sana."

Akauliza kwa sauti ya chini, "Anamlimia nani?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani, wa wale wazee wetu wanaojua kutania hata penye msiba. Nikamgusa bega, nikamwandikia kwenye karatasi vikombe vya maziwa, mayai, karanga za kusaga na mafuta, nikamsomea mara mbili, nikaenda zangu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujua hata kama nimejikwaa.

Baada ya hapo nilimwona kila asubuhi anapoingia kumjulia hali mwanawe. Kabla ya kumtazama usoni alikuwa anafunua shuka miguuni. Anashika unyayo mmoja, anaupangusa kwa kidole gumba, anatazama kidole. Anashika ule wenye kidonda, hivyo hivyo. Kisha anafungua viganja vya kijana, vilivyojaa sugu za nyundo na moko, anavishika muda mrefu. Niliona nikadhani ni mapenzi ya mama. Na kweli yalikuwa mapenzi ya mama.

Wiki ikapita. Kijana alikuwa anakonda. Wote wanakonda, hilo nalitegemea, ila yeye alikonda vibaya: mapaja yaliingia ndani, mabega yakatoka nje kama vipini. Karatasi ya muuguzi ilionyesha uji umepita mara sita kwa siku bila kukosa. Nikampima tena. Sasa mashine ile haitoi namba moja tu. Inagawanya pia hewa iliyotoka kwa hewa iliyotumika, na kwa mgao huo unajua mwili unaunguza nini. Mtu anayekula vizuri namba yake inakaa juu. Mwenye njaa, anayejila mafuta yake, namba inashuka. Ya kijana ilikuwa imeshuka kuelekea sifuri nukta saba. Mashine ilikuwa inaniambia: huyu hapewi chakula.

Nilikagua mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta unapovuja. Haukuvuja. Nikazima, nikawasha, nikapima upya. Namba ile ile. Hapo hasira ikanipanda, na hasira yangu haina breki. Nilimfuata muuguzi wa zamu, mwanamke mpole aliyenizidi umri, nikamuuliza mbele ya wenzake, tena si kwa kunong'ona, maziwa ya mgonjwa yanakwenda wapi. Kijana alikakamaa kwa kelele yangu. Muuguzi alisubiri mgonjwa atulie, akachukua chupa ya chai iliyokuwa kando ya kitanda, akamimina kwenye kikombe, akanipa.

"Angalia mwenyewe," alisema.

Niliona kitako cha kikombe. Yalikuwa maji ya moto yaliyopitiwa na unga.

Nilimkuta mama bandani, amechuchumaa kwenye mafiga. Nilikuwa bado nina moto.

"Mama, huu ndio uji nilioandika?"

"Siyo."

"Maziwa huna? Ungesema. Mayai huna?"

"Ninayo," akasema, akanionyesha kikapu. Mayai yalikuwamo, yamepangwa kwenye pumba yasivunjike. Maziwa alikuwa anawapa ndugu wa wagonjwa wengine.

"Sasa kwa nini?"

Akakoroga kidogo, kisha akaniambia bila kuficha kitu, kama mtu anayemweleza mtoto jambo lililo wazi. "Daktari, wewe ndiye uliyesema analima. Mimi nilikuwa nahisi tu, wewe ukamwona. Nikimlisha, nguvu anakula mwenye shamba. Ng'ombe akikonda hafungwi nira. Wanamfungua, wanamwacha. Nami nataka wamwache."

Nilisikia maneno yangu yananirudia moja moja, alfajiri, jembe, jua la utosi, na kila moja lilikuwa limeota miguu na kwenda lisikotumwa. Nikachuchumaa. Nikahamia Kisukuma, nilichopaswa kuanza nacho, nikamwita mama kwa lugha yetu.

"Mayu, nilikosea. Hakuna anayemlimisha. Ni mwili wake wenyewe."

"Unafanya kazi?"

"Unafanya kazi, lakini..."

"Kazi ya nani?"

Nikajaribu njia nyingine. Nikasema mwili ni kama jiko, unaunguza kuni, na ugonjwa umeuchochea moto. Akauliza nani kauwasha. Nikasema hakuna aliyeuwasha. Akanitazama kwa huruma. Katika lugha ile niliyoinyonya na maziwa nilitafuta neno la kazi isiyo na bwana wala jembe, sikulipata. Na kwa kuwa sikulipata nikafanya lile ambalo mpaka leo likinijia njiani nasimama. Nikampandishia sauti.

"Utamuua mwanao!"

"Walishamuua," akasema. "Mimi namtafuta arudi."

Tangu siku hiyo chakula tulikitoa sisi. Nilipanga na muuguzi, baada ya kumwomba radhi, naye akanisamehe kwa namna ya watu wapole, yaani hakulitaja tena. Maziwa nilibeba kutoka nyumbani kwangu. Mama hakukubali wala hakukataa. Alikaa kwenye benchi tukipita na vikombe, na macho yake yalikuwa yanahesabu kila bomba lililoingia puani mwa mwanawe. Nilidhani mwili ukirudi, hoja yake itaanguka yenyewe. Namba ya mgao ilianza kupanda. Siku tatu mfululizo ilipanda, na nilimwonyesha muuguzi kama mtu anayeonyesha picha ya mtoto wake.

Halafu mapafu yakajaa. Kifua kilikuwa kimedhoofika mno kukohoa, dawa zikabadilishwa mara mbili, presha ikawa inapanda na kuanguka inavyotaka. Daktari ameniambia, na ameniambia tena, kwamba pepopunda ya aina ile huwaua hata walioshiba, na kwamba siku zile za uji mwepesi hazikuamua kitu. Ni mtu mkweli. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na mashine, na najua misuli ya kifua inaliwa kwa siku ngapi. Sijamwamini.

Alikufa asubuhi, saa tatu, watu wakiwa wanabadilishana zamu. Daktari alikuwa kijana aliyekulia pwani, mwenye Kiswahili cha adabu, na alifanya kila kitu kama inavyopasa. Alimwita mama ndani, akavua barakoa, akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Tumejitahidi. Mwanao amepumzika."

Mama hakupiga yowe. Nililiona hilo, na nilidhani ni ujasiri. Akageuka kwangu, maana mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya toroli langu.

"Amepumzika kweli?"

"Kweli, mama."

"Mpime."

Daktari alinikazia macho, nisifanye. Mashine ya kupumulia ilikuwa bado haijazimwa, inasukuma hewa na kuitoa, na kifua cha kijana kilipanda na kushuka kama jana. Nilijua hakuna maana yoyote ya kitaalamu. Lakini mimi ndiye niliyemwambia mwanawe analima, na nikaona kwamba angalau hili ninaweza kumfanyia: kumwonyesha kwa macho kwamba hakuna shamba, hakuna mwenye shamba, yameisha. Nikaunganisha mpira.

Namba ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko za siku zote, mabaki ya hewa iliyokuwa bado mwilini. Ikashuka. Mama hakujua kusoma, ila wiki zile alikuwa amejifunza kwamba tarakimu nyingi maana yake kazi nyingi. Aliinama mpaka uso ukakaribia kioo. Tarakimu nne zikawa tatu. Tatu zikawa mbili. Kisha ikabaki moja, ikasimama.

"Hiyo ni ngapi?"

"Sifuri, mayu. Hakuna kazi tena."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashusha pumzi ndefu, na akatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku hiyo. Akafunua shuka, akaipangusa miguu ya mwanawe, yote miwili, kwa kiganja kizima, akaifunika vizuri.

"Wamemwachia," akasema, kisha akanishukuru kwa Kisukuma, akiniita mwanawe. "Wabeja, ng'wanawane. Wabeja."

Kisha akamwambia muuguzi kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Msimpe huo uji wenu. Mimi naenda kumpikia."

Akatoka akitembea haraka. Hakuna aliyemzuia. Muuguzi aliziba mdomo kwa mkono, daktari alikuwa anauliza amesema nini, anakwenda kupika nini. Mimi niliendelea kukitazama kioo. Tulikuwa watu watatu wenye vyeti ndani ya chumba kile, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia mama yule kwamba mwanawe amekufa. Tulimwambia amepumzika, mtu ambaye kwa wiki tatu alikuwa haombi kingine.

Nilipofika bandani alikuwa ameshabandika sufuria. Maziwa yalikuwa yanachemka na unga ulikuwa umeingia, mwingi, na mkono wake ulikuwa unakoroga kwa nguvu usishike madonge. Wanawake wengine walikuwa wamemwachia nafasi, wengine wanampongeza. Aliponiona akachukua mayai kikapuni, akayainua nione.

"Daktari, niweke mawili au matatu?"

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia kwa Kisukuma, kwa lile neno fupi lenyewe ambalo kwetu humwambii mama bila kwanza kuzunguka maneno mengi.

Wanawake walianza kulia kabla yake. Yeye aliyarudisha mayai kwenye pumba, moja moja, akashika tena mwiko, akaendelea kukoroga mpaka uji ukaiva.